Chatu Mwenye Jeraha: Mpe Joto Kabla ya Dawa

Mwezi Mei na Juni, maji ya Kilombero yanaporudi mtoni na mpunga unapokuwa tayari, watu huingia mashambani na mundu, panga na mashine za kuvunia. Chatu naye yumo humo humo. Amefuata panya wanaokula punje, na upande wa miwa, kuelekea Kidatu, amefuata ndezi. Hapo ndipo anapokatwa mgongoni, anapopitiwa na tairi la trekta, anaponasa kwenye wavu katika madimbwi yaliyobaki, au anapounguzwa na moto unaowashwa kabla miwa haijakatwa. Wengi humaliziwa papo hapo. Lakini wapo wakulima, vijana wa bodaboda na askari wa wanyamapori wa vijiji ambao hupiga simu badala ya kuinua panga mara ya pili, na swali lao huwa moja: tumpake nini?

Mwongozo huu ni wao, na ni wa afisa mifugo wa kata pia, maana mara nyingi yeye ndiye tabibu wa wanyama pekee aliye karibu, hata kama maisha yake yote ametibu ng'ombe na kuku. Jibu la swali lile ni kwamba usimpake kitu bado. Nyoka mwenye jeraha anahitaji joto la kiasi, kisha utulivu, kisha maji, na dawa inafuata nyuma ya hayo matatu. Atakayeelewa sababu ya mpangilio huo ataokoa nyoka wengi kuliko mwenye kabati lililojaa chupa.

Kabla hujamgusa

Yote nitakayosema kuhusu kushika, kusafisha na kuchoma sindano yanamhusu chatu, ambaye hana sumu. Kifutu, swila na koboko hawashikwi na mtu asiyefundishwa kazi hiyo, hata wakiwa wamekatwa nusu, na hata ukidhani wamekufa. Kichwa cha nyoka kilichotenganishwa na mwili bado kinaweza kuuma na kutia sumu. Nyoka wa aina hiyo mkae mbali naye, zuieni watu na mbwa, mmoja abaki akimtazama alipo, na mwingine apige simu.

Hatari ipo kwa chatu mdogo, kwa kuwa mwenye haraka humchanganya na kifutu. Wote wawili wana mabaka ya kahawia na manjano. Kifutu ni mfupi, mnene, mkia wake ni kipande kidogo tu, magamba yake yanakwaruza, na mgongoni ana alama zilizopangana kama herufi V. Chatu ana magamba madogo laini yanayong'aa, na juu ya kichwa ana baka jeusi lenye umbo la ncha ya mkuki, limezungukwa na mistari myeupe inayopita juu ya macho. Usipokuwa na uhakika, mhesabu kuwa ni kifutu.

Mtu akiumwa na nyoka mwenye sumu, asichanjwe, asifungwe kamba, asinyonywe jeraha wala asiwekewe jiwe la nyoka. Alazwe, kiungo kilichoumwa kitulizwe kisichezechezwe, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Kwa Bonde la Kilombero ni Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko, mjini Ifakara. Swila akimtemea mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka, kisha aende hospitali vilevile.

Jambo la pili ni la kisheria, na nalisisitiza kwa sababu wema umewahi kuwaingiza watu matatani. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, kukaa na mnyamapori nyumbani bila kibali ni kosa, na sheria haitaulizia nia yako. Toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, siku hiyo hiyo. Ukiwa upande wa milimani, ofisi za Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ziko Mang'ula. Mpango mzuri ni wa watu watatu: afisa wanyamapori anatoa ruhusa na kusimamia, afisa mifugo anatibu, na daktari mwenye uzoefu, hasa kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro ambako wanafundishwa madaktari wa mifugo, anashauri kwa simu au kwa picha.

Chatu naye asidharauliwe. Anaweza kuzidi mita 5, meno yake yamepinda kuelekea kooni, na ukivuta mkono uliong'atwa unajichana mwenyewe. Anayezidi mita 2 asishikwe na mtu mmoja. Hesabu mtu mmoja kwa kila mita ya mwili, mmoja wao akiwa na kazi moja tu ya kushika kichwa kutokea nyuma ya taya, bila kubana koo. Mwili uungwe mkono kote. Ukimwinua mwenye jeraha la mgongoni kwa kushika sehemu moja, uzito wake wenyewe unapanua jeraha.

Mbebe katika mfuko wa pamba, foronya au shuka iliyofungwa vizuri, kisha mfuko uwekwe ndani ya ndoo au sanduku lenye matundu. Kiroba cha mchele hakifai. Hakipitishi hewa ya kutosha, na nyuzi zake hunasa kwenye kidonda. Pikipiki inafaa kwa safari fupi ya asubuhi au jioni, lakini saa saba mchana juani nyoka ndani ya mfuko hufa kwa joto kabla hujafika.

Joto ndiyo dawa ya kwanza

Sisi tunajitengenezea joto mwilini. Nyoka hawezi, damu yake ina joto la mahali alipo. Maana yake kwa tabibu ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Chembe za damu zinazopambana na vijidudu, utumbo unaosaga chakula, figo zinazochuja dawa, ngozi inayojiunga, vyote hivyo hufanya kazi kwa kasi inayotegemea nyuzi za joto. Chatu mwenye jeraha akilazwa juu ya saruji ya ofisi usiku wa Julai, kinga yake inalala naye. Utamchoma sindano nzuri kabisa na haitafanya kazi kama inavyotakiwa, kwa sababu hata vipimo vya dawa za nyoka vimepigiwa hesabu kwa joto la karibu nyuzi 30.

Kwa hiyo tafuta kipimajoto kabla ya kutafuta dawa. Sanduku la chatu mgonjwa liwe na upande wa nyuzi 30 hadi 32 na upande wa nyuzi 26 hivi, ili achague mwenyewe. Usiku lisishuke chini ya 25. Bonde la Kilombero ni la joto, kwa hiyo kwa miezi mingi utahitaji kivuli kuliko moto. Sanduku lililowekwa chini ya bati mwezi Novemba linaweza kupita nyuzi 38 mchana, na hapo nyoka anakufa. Shida ya baridi ni usiku wa Juni hadi Agosti. Pasipo umeme, jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki za lita moja na nusu, zifunge ndani ya kanga iliyokunjwa mara mbili, zipange upande mmoja wa sanduku, na uzibadilishe zinapopoa. Nyoka hana wepesi wa kuliondokea joto linalomchoma kwa tumbo. Atalala juu ya chupa isiyofunikwa mpaka ngozi iungue. Jiko la mkaa lisiingie chumbani. Hewa yake inaua nyoka na inamuua anayemlinda.

Ndani tandika magazeti au kitambaa safi. Mchanga, pumba na vumbi la mbao huingia kidondani. Badilisha matandiko kila yanapolowa au kuchafuka, maana ngozi ya tumbo ikikaa kwenye unyevu mchafu huota malengelenge, na kidonda kimoja huwa kumi. Funika sanduku kwa nguo nene. Zuia watoto na wenye simu za kupiga picha. Nyoka aliyetulia gizani anapona. Anayechunguliwa kila nusu saa anahangaika na kupiga kichwa ukutani.

Mwache hivyo saa kadhaa, isipokuwa kama damu inatoka. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi kwa dakika 5 hadi 10 bila kufunua kila mara.

Kutazama na kusafisha

Akishapata joto, mtazame kuanzia ncha ya pua hadi mkiani, upande wa tumbo pia, penye mwanga mzuri. Mpime uzito, bila uzito hakuna kipimo cha dawa. Jeraha linaloonyesha ngozi na nyama nyekundu mnaweza kulihudumia Ifakara. Jeraha linaloonyesha mbavu zilizovunjika, utumbo, au shimo linalotoa hewa anapopumua ni la upasuaji. Lifunike kwa gozi iliyolowa maji ya chumvi na mwanze safari ya Morogoro. Gusa mkia wake taratibu: kama nusu ya nyuma ya mwili imelegea na haijibu, huenda uti wa mgongo umekatika, na hapo swali la kumpumzisha bila maumivu linapaswa kuulizwa mapema. Kazi hiyo ni ya daktari, kwa sindano. Kumkata kichwa si huruma, kwa sababu ubongo wa nyoka huvumilia kukosa damu na hewa kwa muda mrefu, na hisia haziondoki pale kichwa kinapodondoka.

Kusafisha ni kazi ya maji kuliko ya dawa. Tumia dripu ya chumvi ya hospitali, au chemsha lita moja ya maji, tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, yaache yapoe hadi uvuguvugu. Vuta maji kwa bomba la sindano la mililita 20 na uyasukume ndani ya jeraha tena na tena, mpaka udongo, makapi ya mpunga na damu iliyoganda vitoke. Kwa jeraha la panga lenye tope la jaruba, lita nzima si nyingi. Mabuu ya nzi yatoe moja moja kwa kibano. Yatafute hasa chini ya magamba ya pembeni, ambako hujificha baada ya jeraha kuonekana safi.

Baada ya maji, povidoni-iodini, ile dawa ya kahawia ya maduka yote ya dawa, iliyozimuliwa: kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji, mpaka ipate rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikitumika kali kama ilivyo chupani inaua chembe changa zinazojaribu kuziba jeraha. Kwa sababu hiyo hiyo spiriti na haidrojeni peroksaidi hazina nafasi hapa. Wala majivu, mafuta ya taa, tumbaku au oili chafu. Na nawaomba wafugaji kwa dhati: dawa ya josho, na zile dawa za kupuliza vidonda vya ng'ombe zenye kiuaji cha nzi, zisimguse nyoka kabisa. Ngozi yake hunyonya sumu hizo na mishipa yake ya fahamu haizistahimili. Kupe waliojaa chini ya magamba watolewe kwa kibano, polepole, hata ikichukua mchana mzima.

Kushona ndiko kunakoleta ubishi. Jeraha safi la saa chache, lililokatwa kwa kitu chenye makali, daktari anaweza kulishona kwa ganzi, kingo za ngozi zikigeuzwa kutazama nje, kwa kuwa ngozi ya nyoka hujikunja kwa ndani. Nyuzi hizo hukaa wiki 6 hadi 8, na ni afadhali zitolewe baada ya nyoka kujivua gamba. Lakini jeraha la jana, lenye tope na harufu, mimi nasimama upande wa kuliacha wazi. Ukilifunga umefungia uchafu ndani. Lisafishwe kila siku wiki ya kwanza, kisha kila baada ya siku mbili au tatu. Asali halisi isiyochanganywa na kitu, ikipakwa kidogo juu ya jeraha safi na kufunikwa kwa gozi, huzuia vijidudu na kulinda unyevu. Bonde halikosi asali, na ni msaada wa kweli pale malai ya hospitali yanapokosekana.

Usaha wa nyoka hautiririki

Hapa ndipo hata madaktari wazuri wa ng'ombe hukosea. Jipu la ng'ombe ukilipasua, usaha unamwagika, unasafisha, umemaliza. Chembe za damu za nyoka hazina kimeng'enya cha kuyeyusha usaha, kwa hiyo usaha wake ni mgumu, mkavu, kama ute wa yai lililochemshwa uliokatika vipande, na mwili huuzungushia ganda la nyama. Uvimbe mgumu unaotokea karibu na kidonda wiki kadhaa baadaye mara nyingi ni huo. Kutoboa kwa sindano hakusaidii. Dawa ya kuchoma haiingii ndani yake. Lazima upasuliwe kwa ganzi, bonge zima litolewe pamoja na ganda lake, na tundu lioshwe kila siku likijijaza kutokea chini kuja juu. Ukiacha kipande cha ganda, uvimbe unarudi.

Maambukizi yaliyoingia kwenye damu yana alama nyingine: magamba ya tumbo yanakuwa ya waridi au kuwa na madoa mekundu, nyoka analegea, hatoi ulimi, mdomo unabaki wazi kidogo. Hiyo ni dharura. Fungua mdomo taratibu kwa kadi laini ya plastiki na utazame ufizi; vidoa vyekundu na ute mzito wa manjano ni mwanzo wa kuoza mdomo, hasa kwa chatu aliyejisugua pua kwenye wavu au kwenye sanduku lenye nyavu za chuma.

Antibiotiki ziamuliwe na daktari. Nayasema haya ili akipigiwa simu, muwe mnazungumza lugha moja. Vijidudu vya vidonda vya nyoka kwa kawaida ni vya jamii ambayo penisilini haiwezi, kwa hiyo ile chupa ya penisilini na streptomaisini iliyo kila duka la mifugo si jibu, na streptomaisini inaumiza figo za nyoka aliyekaukiwa maji. Oksitetrasaiklini kali ya ng'ombe huchoma nyama pale inapoingia. Enrofloksasini inafanya kazi, lakini nayo huunguza misuli ikirudiwa mahali pamoja. Inayopendwa na wengi wanaotibu nyoka ni seftazidimu, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa za binadamu: miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kila baada ya saa 72, nyoka akiwa katika joto la nyuzi 30. Chatu wa kilo 8 anahitaji miligramu 160. Kichupa cha gramu 1 kikichanganywa na mililita 10 za maji ya sindano, kipimo chake ni mililita 1.6. Muda wa siku tatu kati ya sindano ni baraka kwetu sote, maana anashikwa mara chache.

Sindano ichomwe kwenye misuli ya kando ya uti wa mgongo, theluthi ya mbele ya mwili, ncha ikipita katikati ya gamba na gamba. Damu ya nyuma ya mwili wa nyoka inaweza kupita kwenye figo kwanza, na dawa ikapotea au ikaziumiza kabla ya kuzunguka.

Majeraha ya moto na ya nyavu yana hila moja: hayajionyeshi siku ya kwanza. Chatu aliyetoka kwenye miwa iliyochomwa anaweza kuonekana ameungua magamba machache, kisha siku ya nne ngozi ya tumbo ikaanza kubanduka. Mpoze kwa maji ya kawaida, si ya barafu, mpake malai ya silva salfadiazini ambayo hospitali hutumia kwa wagonjwa wa moto, na umhesabu kuwa amepoteza maji mengi. Aliyebanwa na uzi wa wavu, kata uzi kwa mkasi wenye ncha butu, kisha tafuta uzi wa pili uliozama chini ya magamba. Mara nyingi upo. Ndoana iliyomezwa isivutwe.

Maji, chakula, gamba jipya

Mweke katika beseni la maji vuguvugu yenye kina kisichofika nusu ya unene wa mwili wake, dakika 15 hadi 20 kwa siku, ukiwa hapo hapo, kichwa kikiwa juu. Wengi hunywa. Mwenye jeraha bichi lililo wazi tumboni asilowekwe kwenye maji machafu ya bomba la uani. Mpe chombo safi cha kunywea, na daktari amwongezee maji kwa sindano.

Chakula hakina haraka. Chatu anaweza kukaa miezi bila kula, na akilishwa akiwa na baridi au akisumbuliwa atatapika na kudhoofika zaidi. Subiri mpaka jeraha limekauka, anatoa ulimi na anatembea sandukuni kwa nguvu. Kisha mpe panya au kuku aliyekwisha kufa, mdogo kuliko ambaye angemla porini, na usimshike siku tano baada ya hapo. Panya hai hatakiwi sandukuni. Huweza kumng'ata nyoka mgonjwa na kumletea kidonda kipya.

Utaona macho yake yanageuka ya bluu iliyofifia. Anajiandaa kujivua gamba, na nyoka mwenye jeraha hujivua mara kwa mara kuliko kawaida, kwa kuwa kila gamba jipya linaendeleza uponaji. Wakati huo haoni vizuri na ni mkali, basi mwachie kitambaa chenye unyevu kona moja na usimguse. Gamba la zamani linaweza kung'ang'ania juu ya kovu. Lilowekwe, lisibanduliwe kwa nguvu.

Kila ukimgusa, au ukigusa maji na matandiko yake, nawa kwa sabuni. Nyoka wengi hubeba salmonela bila kuugua, na mtoto mdogo nyumbani anaweza kuharisha vibaya kwa ajili ya ndoo iliyotumika mara mbili. Vyombo vya nyoka visirudi jikoni.

Uponaji wa jeraha kubwa huchukua miezi miwili, mitatu, wakati mwingine zaidi. Akiwa amefunga jeraha, amejivua gamba angalau mara moja bila tatizo, na amekula akasaga, afisa wanyamapori ndiye anayeamua siku ya kumwachia. Arudishwe karibu na alikotolewa, ndani ya kilomita moja hivi, kwa kuwa chatu anayajua mashimo na maji ya eneo lake, na aliyetupwa mbali hutangatanga akavuka barabara na mashamba ya watu mpaka auawe. Kama shamba lile limechomwa au limejaa wavunaji, ngojeni, au mtafute kingo ya mto iliyo jirani yenye matete. Mwachieni jioni, siku isiyo na baridi. Kabla ya hapo mtembeleeni mwenye shamba, mwonyesheni mahali mlipopachagua, mkubaliane, na mwachieni namba ya simu ya afisa wanyamapori.